Yoga imetoka wapi? Majibu kwa wasomaji

Makala ya mwezi uliopita kuhusu maumivu ya mgongo iliitaja yoga kwa sentensi moja tu. Barua zilizokuja baadaye karibu zote ziliuacha mgongo na kuishikia bango hiyo sentensi. Nimechagua maswali yanayogusa asili ya yoga na ilivyobadilika. Wanaotaka dawa ya mgongo wavute subira.

Mwalimu wetu wa mazoezi anasema yoga ina miaka 5,000. Ni kweli au ni biashara? (Msomaji, Morogoro)

Miaka 5,000 inapendeza masikioni, ila ushahidi wake umeegemea kitu kidogo mno: muhuri wa jiwe usiofika hata sentimita nne, uliochimbuliwa Mohenjo-daro, katika Pakistani ya leo, mwishoni mwa miaka ya 1920. Juu yake amechongwa mtu mwenye pembe kichwani, ameketi miguu ikiwa imekunjwa, kazungukwa na simbamarara, ndovu, kifaru na nyati. John Marshall, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa idara ya mambo ya kale ya India, alisema huyo ni mungu Shiva katika sura yake ya awali, tena yuko katika mkao wa yoga. Kauli hiyo ikanakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu mpaka ikageuka kuwa jambo lisilohojiwa.

Tatizo ni kwamba maandishi ya watu wa Mohenjo-daro hayajasomeka hadi leo. Hatujui yule ni nani, wala alikuwa anafanya nini. Wapo wataalamu wanaomwona kuwa mungu mwenye kichwa cha nyati tu, asiyehusiana na Shiva. Na kukunja miguu peke yake si hoja: pita barazani Pangani saa kumi jioni, utawakuta wazee wameketi hivyo hivyo wakicheza bao, na hakuna anayewaita mayogi.

Tunachoweza kukishika kwa uhakika ni maandiko, nayo yanaturudisha nyuma miaka 2,400 au 2,500 hivi. Kwa maoni yangu huo ni umri wa kutosha. Sioni kwa nini watu wanataka kuuongeza maradufu.

Basi nani aliianzisha? Nasikia ni mtu anaitwa Patanjali. (Dada mmoja, Kisumu)

Patanjali aliikusanya, dada yangu, hakuianzisha. Alipokuja kuandika, mambo yalikuwa yameshaenea kwa karne nyingi.

Picha ya mwanzo iliyo wazi iko katika Katha Upanishad, andiko la karne chache kabla ya Kristo. Kijana Nachiketa anatolewa na baba yake kwa hasira aende kwa Mauti, mungu wa kifo. Anafika, anamkosa mwenye nyumba, anangoja siku tatu bila chakula. Mauti akirudi anaona aibu kwa kumnyima mgeni ukarimu, anampa nafasi ya kuomba mambo matatu. Ombi la tatu la kijana ni kuelezwa kinachotokea mtu akifa. Katika jibu hilo ndimo yoga inamotajwa kama utaratibu wa kujitawala. Mwili ni gari la farasi, milango ya fahamu ndiyo farasi wenyewe, fikra ni hatamu, akili ni mwendeshaji, na roho ni bwana aliyepanda. Kuwashika farasi hao wasikimbie ovyo ndiyo yoga. Hakuna neno hata moja kuhusu kuinama ukagusa vidole vya miguu.

Zama hizo hizo kaskazini mwa India kulikuwa na makundi ya watu walioacha nyumba na mali wakaishi msituni kutafuta njia ya kutoka katika mzunguko wa kuzaliwa na kufa. Huko ndiko walikotoka Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya kale ya India, na Wabuddha. Buddha mwenyewe alisomea kutafakari kwa walimu wawili, Alara Kalama na Uddaka Ramaputta. Baadaye akajaribu kubana pumzi kwa nguvu hadi kichwa kikamuuma kama kinachopasuliwa, akaona njia hiyo haimfikishi popote, akaiacha.

Tunaye hata shahidi kutoka nje. Mwaka 326 K.K. Aleksanda Mkuu alifika Taxila, mji wa kale ulioko Pakistani ya leo, na jeshi lake. Onesicritus, mmoja wa watu wake, alitumwa kwenda kuwaona wenye hekima wa huko. Akawakuta watu 15 nje ya mji, uchi, huyu kasimama, yule kaketi, mwingine kalala, kila mmoja katulia katika hali yake bila kutikisika hadi jioni, na jua la huko halikuwa la mchezo.

Patanjali alikuja karne nyingi baadaye, wengi wanasema karibu mwaka 400 B.K. Kazi yake, Yoga Sutra, ina kauli fupi fupi kama 195. Alizipanga hatua nane: makatazo kama kutodhuru, kutosema uongo na kutoiba, kisha nidhamu binafsi, mkao, pumzi, kuziondoa fahamu katika mambo ya nje, kukaza fikra, kutafakari, na mwisho utulivu kamili anaouita samadhi. Kati ya kauli zote hizo, mkao wa mwili umepewa tatu tu, na sharti lake ni kwamba uwe imara na wa raha. Anayekuuzia darasa la jasho kwa jina la Patanjali muulize kauli hizo tatu zinasemaje.

Kama Patanjali alitaka tukae tu, haya ya kusimama kichwa chini miguu juu yalitoka wapi? (Mwanafunzi wa chuo, Dodoma)

Hapa ndipo panapoanza kunoga.

Kuanzia karne ya 11 hivi yakajitokeza maandiko ya aina nyingine, yanayoushughulikia mwili wenyewe. La mwanzo tunalolijua, Amritasiddhi, lilitoka kwa Wabuddha. Njia hiyo ikaja kuitwa hatha, na sifa zake nyingi wakapewa watawa wa Kinath, wafuasi wa Gorakhnath, wanaojulikana kwa hereni nene katika masikio yaliyotobolewa.

Fikra yao ilikuwa hivi. Kichwani mwa mtu kuna maji ya uhai. Yanadondoka kidogo kidogo hadi tumboni, kwenye moto unaoyateketeza, na ndiyo maana tunazeeka na kufa. Dawa? Pindua mwili, moto uwe juu, maji yawe chini. Hatha Pradipika, kitabu alichokitunga Svatmarama karibu mwaka 1450, kinaahidi kwamba atakayefanya hivyo kwa miezi sita atapotewa na mikunjo na mvi, na anayedumu katika hali hiyo saa tatu kila siku atayashinda mauti. Usijaribu, mwanangu, shingo yako ina kazi nyingine.

Wengine walikata taratibu ngozi inayoushikilia ulimi chini, siku baada ya siku, wakawa wanauvuta hadi ukaweza kukunjwa nyuma na kuziba njia ya juu ya koo, maji yale yasipite. Wengine walimeza kitambaa kirefu kilicholowa kisha wakakivuta kutoka nje ili kusafisha tumbo. Yote haya yameandikwa bila haya, kama mtu anavyoeleza namna ya kuosha vyombo.

Mikao yenyewe ilikuwa bado michache. Svatmarama anaeleza 15, mingi ya kukaa, ingawa tayari tausi yumo, jogoo yumo na kobe yumo. Kitabu cha baadaye, Gheranda Samhita, cha karibu mwaka 1700, kina 32.

Kitu kinachonivutia zaidi katika fasihi hiyo ni uwazi wake. Andiko moja la karne ya 13, Dattatreyayogashastra, linasema yeyote atakayefanya mazoezi kwa bidii atafanikiwa, awe brahmini (mtu wa tabaka la makuhani wa Kihindu), Mbuddha, Mjaini, au hata yule asiyeamini chochote zaidi ya mwili huu. Halafu linawasema vikali wanaovaa kanzu ya utawa na kuzungumza habari za yoga huku hawafanyi mazoezi yoyote. Karne ya 13! Ungedhani limeandikwa kuhusu baadhi ya akaunti za mitandaoni tunazozijua.

Mimi ni Mwislamu. Shehe wa mtaani kwetu anasema yoga ni ibada ya Kihindu, tuiepuke. Mke wangu ameanza kuifanya kliniki kwa ajili ya presha. Waislamu wa zamani waliichukuliaje? (Msomaji, Mombasa)

Fatwa si kazi ya safu hii, na hukumu utaipata kwa wanaostahili kuulizwa. Historia ninaweza kukupa, nayo ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani.

Mapema karne ya 11 mwanachuoni Al-Biruni, aliyeingia India wakati wa Sultani Mahmud wa Ghazni, alijifunza Kisanskriti na kukitafsiri kitabu cha Patanjali kwa Kiarabu. Alikipanga upya kwa maswali na majibu, jambo ambalo mimi kama mwandishi wa safu ya aina hii nalifurahia sana. Hakuificha imani yake, wala hakuwakejeli wenye kitabu. Maandishi hayo yalihifadhiwa Istanbul, yakachapishwa mwaka 1956.

Karne tatu baadaye akapita mtu ambaye watu wa pwani yetu wanamfahamu: Ibn Battuta, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa na kutuachia habari zake. Alipokuwa Delhi kwa Sultani Muhammad bin Tughluq, anasimulia, aliletwa yogi akajikunja, akapaa hewani mbele ya watu. Ibn Battuta akazimia, ikabidi anyweshwe dawa. Mwenye kuamini aamini. Kwangu mimi faida ya kisa hiki ni kwamba mayogi walikaribishwa hadi katika baraza la sultani Mwislamu.

Masufi wa India walikwenda mbali zaidi. Karne ya 16 Muhammad Ghawth wa Gwalior, shehe wa tarika ya Shattari, aliandika kwa Kiajemi kitabu Bahr al-Hayat, kilichotokana na andiko la yoga lililokuwa limeshatafsiriwa kwa Kiarabu. Humo anaeleza mikao na namna ya kupumua, na badala ya baadhi ya maneno ya Kihindu anaweka majina ya Mwenyezi Mungu. Miaka ya mwanzo ya 1600 nakala yake ilichorwa picha katika karakana ya mwanamfalme Salim, ambaye baadaye alitawala kwa jina la Jahangir. Picha zile 21, zilizoko Dublin siku hizi, ni miongoni mwa michoro ya zamani kabisa ya mikao ya yoga iliyopangwa kwa utaratibu. Yaani tukitaka kuona yoga ilivyofanyika miaka 400 iliyopita, tunafungua kitabu cha sufi.

Kwa siku hizi: baraza la fatwa la Malaysia mwaka 2008 liliizuia yoga yenye maneno ya ibada ya dini nyingine. Baraza la maulamaa la Indonesia mwaka 2009 lilikataza ile yenye maombi ya Kihindu na kuiruhusu inayofanywa kama mazoezi tu. Saudi Arabia mwaka 2017 iliitambua kama shughuli ya michezo. Mchukulie mkeo hayo matatu akayazungumze na shehe, na presha aendelee kuipima.

Nimesoma kwamba yoga ya leo ni mazoezi ya Kizungu yaliyopakwa rangi ya India. Uongo? (Mwalimu wa michezo, Arusha)

Kuna ukweli ndani yake, mwalimu, lakini umevutwa kupita kiasi.

Kwanza elewa hali ilivyokuwa. Karne ya 18 kule Bengal, vikosi vya watawa na mafakiri wenye silaha vilipambana na Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, na gavana Warren Hastings akapiga marufuku kuzurura kwao. Baada ya hapo yogi akaonekana ama jambazi ama ombaomba anayejikunja sokoni apewe senti. Wahindi wasomi waliona haya. Mtawa wa Kihindu Swami Vivekananda, aliyewasisimua watu Chicago mwaka 1893 katika Bunge la Dini za Dunia, aliandika kitabu Raja Yoga mwaka 1896 akimsifu Patanjali na kuiweka hatha pembeni: ni ngumu, alisema, na haimkuzi mtu sana kiroho. Yoga ya kwanza iliyopata umaarufu Marekani, kwa hiyo, ilikuwa ya kichwa na pumzi.

Mwili ulirudi kwa mlango wa siasa. Wakoloni waliwaita Wahindi dhaifu. Vijana wazalendo wakataka misuli. Eugen Sandow, mtunisha misuli maarufu wa Ulaya, alizunguka India mwaka 1904 na 1905. YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, ikaleta mazoezi ya viungo shuleni. Mazoezi ya Niels Bukh, mwalimu wa viungo wa Denmark, yakaenea. Katika joto hilo Shri Yogendra akafungua taasisi ya yoga karibu na Bombay mwaka 1918, na Swami Kuvalayananda akafungua yake Lonavla mwaka 1924, akiwapima mayogi kwa mashine za eksirei. Ile "salamu ya jua" unayoijua, mfululizo wa kuinama na kunyooka, ilivumishwa miaka ya 1920 na mtawala wa jimbo dogo la Aundh. Yeye aliifanya kama mazoezi ya afya yaliyosimama peke yake, na walimu wa yoga waliidaka baadaye.

Kisha Mysore, ufalme wa kusini mwa India. Maharaja Krishnaraja Wadiyar IV alimpa kazi mwalimu mkali anayeitwa Krishnamacharya, na mwaka 1933 akamfungulia shule ya yoga katika jumba la Jaganmohan. Alikuwa na wavulana wenye nguvu wa kuwafundisha na wageni wa mfalme wa kuwashangaza. Humo mikao ikaunganishwa na pumzi, ikafanywa kwa mfululizo, wa kuruka na kutua. Wanafunzi wake wawili ndio waliotufikishia sehemu kubwa ya tunachokiona: Pattabhi Jois na mtindo wake wa ashtanga, na B.K.S. Iyengar, aliyeanza akiwa kijana mgonjwa mgonjwa. Iyengar alikutana na mpiga fidla Yehudi Menuhin mwaka 1952, naye akamfungulia njia ya Ulaya. Kitabu chake Light on Yoga cha mwaka 1966 kina mikao kama 200. Linganisha na 15 ya Svatmarama.

Waliosoma historia hiyo, hasa Mark Singleton katika kitabu chake cha mwaka 2010, walionyesha jinsi mazoezi ya Ulaya yalivyochangia. Lakini katika hifadhi hiyo hiyo ya ufalme wa Mysore kuna hati ya karne ya 19, Sritattvanidhi, yenye michoro ya mikao 122. Na kuna andiko la karne ya 18, Hathabhyasapaddhati, lenye mikao 112, mingine ya kutumia kamba, mingine ya kurudiarudia kama wafanyavyo wacheza mieleka. Hapo Bukh hajazaliwa bado.

Hivyo mimi nasema Wahindi walichukua vya kwao, wakachukua vya wageni, wakatengeneza kitu kipya kwa mahitaji ya wakati wao. Mwalimu wa michezo hawezi kuwalaumu kwa hilo.

Mbona darasani kwetu tupo wanawake watupu? Ilikuwa hivyo tangu zamani? (Msomaji, Kampala)

La. Maandiko ya zamani yaliandikwa na wanaume kwa ajili ya wanaume, na baadhi yanawaonya watawa wakae mbali na wanawake. Mlango ulisukumwa na watu kama Indra Devi, aliyezaliwa Riga mwaka 1899 kwa jina la Eugenie Peterson. Alipobisha hodi kwa Krishnamacharya miaka ya 1930 alikataliwa, mwanamke na tena mgeni. Maharaja akaingilia kati, akapokelewa. Alifundisha Shanghai, halafu mwaka 1947 akahamia Marekani na kufungua darasa Hollywood, waigizaji wa sinema wakamfuata. Yoga ya Marekani ikachukua sura hiyo: ya afya, ya urembo, ya kutuliza mawazo. Sura hiyo ndiyo iliyosafiri hadi Kampala.

Afrika Mashariki imefika lini? (Msomaji, Bujumbura)

Kama shughuli ya watu wote, ni juzi juzi. Nairobi kuna Africa Yoga Project, iliyoanza mwaka 2007 na kuwafundisha vijana wa mitaa ya kipato cha chini kuwa walimu. Lamu kuna tamasha la yoga. Ofisi za ubalozi wa India nazo huandaa mazoezi ya hadharani kila Juni 21, siku iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2014 kwa kuungwa mkono na nchi zaidi ya 170.

Kuna mwalimu anasema mpangilio wake wa mikao ni mali yake kisheria, na atatushtaki tukiufundisha. Anaweza? (Mwalimu msaidizi, Dar es Salaam)

Jambo hili lilishafika mahakamani Marekani. Bikram Choudhury, aliyetajirika kwa kufundisha mikao 26 katika chumba chenye joto la nyuzi 40 hivi, alidai haki miliki ya mpangilio huo. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ilimkatalia: mpangilio wa mazoezi ya kuleta afya ni njia ya kufanya jambo, na njia ya kufanya jambo haina hakimiliki, ingawa kitabu kinachoieleza kinaweza kuwa nayo. Serikali ya India nayo ilikuwa imeanza kuorodhesha mikao katika hazina yake ya maarifa ya jadi ili asitokee mtu wa kujimilikisha.

Sheria za Tanzania zina wanasheria wake, waone. Lakini hukumu ile inaonyesha mambo yanavyoelekea: huyo bwana anaweza kulinda jina la darasa lake, video zake na maneno aliyoyaandika. Kukuzuia wewe usiiname, ukanyooka, kisha ukalala chali kwa utaratibu anaoupenda yeye, hilo atahangaika nalo sana.